Kombe Lisilonywewa

Mama yangu hakuwa mtu wa kutunza vitu. Nguo ikipauka aliitoa, sufuria ikitoboka aliitupa, na barua akishaisoma aliichanachana papo hapo akisema maneno yameshafika, karatasi ya nini tena. Nyumbani kwetu Ibra, Oman, palikuwa na sanduku moja tu ambalo hakuruhusu mtu kulifungua. Ndani yake, chini ya kanga, mlikuwa na sahani ambayo hatukuilia chakula. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ya mgeni fulani mkubwa atakayekuja siku moja, nikawa namchukia mgeni huyo kabla sijamwona, kwa sababu sisi tulikuwa tunakula kwenye sahani za bati zilizobabuka rangi.

Nilipopata akili akanieleza kuwa lile ni kombe. Vijana wa leo wakisikia kombe wanafikiria mpira, na siwalaumu. Lakini kwetu sisi watu wa Unguja kombe ni sahani nyeupe ambayo mtu mwenye elimu huandika ndani yake aya za Qur'ani kwa wino wa zafarani. Maandishi yakishakauka husuuzwa kwa marashi ya waridi na maji, na mgonjwa akanywa. Mwanamke mja mzito naye huandikiwa, alinywe uchungu ukianza, azae salama. Wenyeji wa huku wanayo dawa hiyo hiyo ila wao huiita mahuu, maana yake kufuta. Mimi nimesomesha baiolojia maisha yangu yote ya kazi na sijamwambia mwanafunzi hata mmoja kuwa zafarani inazalisha. Hata hivyo kombe lile sikuwahi kulicheka, kwani liliandikwa kwa ajili yangu.

Bi Mkubwa, ndivyo nilivyomwita mama siku zote, alikuwa na mimba yangu wakati mambo yalipogeuka Unguja na watu wetu wakawa wanaondoka. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, akisomesha watoto Qur'ani barazani kwake, na alikataa katakata kuondoka. Asubuhi ya safari alikaa kitako akaliandika kombe la bintiye. Wino haujakauka sawasawa, gari ya kuwapeleka bandarini ikafika na dereva akaanza kupiga honi. Mzee akalipepea kwa upepeo, akalifunika kwa sahani nyingine, akalifunga ndani ya kanga. "Utalinywa uchungu ukianza," akamwambia. Hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwake.

Mimi sikusubiri. Uchungu ulianza melini, sanduku likiwa chini kabisa kwenye mizigo, nikatoka kabla mtu hajapata kulifuata. Bi Mkubwa alinisimanga kwa hilo hadi nilipokuwa na wajukuu. Nikifanya jambo kwa pupa, nikijibu mtu vibaya, nikiunguza mkate, alikuwa akiwageukia wageni na kusema, "Msimshangae huyu. Hakungoja hata marashi."

Walipofika Oman kombe halikuwa na kazi tena, maana mzima hanywi dawa. Babu alituandikia barua moja. Bi Mkubwa akaisoma, akalia, kisha akaichana kama alivyozichana zote. Hakujua kuwa hakutakuja nyingine. Habari ya kifo ilipofika, ndipo alipotambua kuwa vitabu vya baba yake na kila alichowahi kukiandika vimebaki kule, na hakuna aliyejua vimekwenda wapi. Mkononi mwake mlibaki sahani tu. Tangu hapo hakuweza kulinywa kombe wala kulisuuza. Alikuwa akilitoa mara chache, mchana, akakaa karibu na dirisha na kuliinamisha polepole hadi mwanga uupate ule wino. Mistari ilikuwa imefifia, ukiitazama haraka utasema ni madoa ya chai. Lakini ukijua pa kutazama, herufi zilikuja. Alif zake zilikuwa zimeegemea kidogo upande mmoja, na Bi Mkubwa alisema hata alivyotembea alikuwa akiegemea hivyo hivyo.

Alipozeeka aliingiwa na hofu. Siku moja msichana wa kazi alifungua sanduku kutafuta shuka, akaiona sahani, akaipeleka jikoni. Bi Mkubwa aliikuta juu ya beseni, bado kavu, alhamdulillahi, na siku ile hakula. Jioni aliniita chumbani.

"Nikifa mtaliwa biriani humu," aliniambia.

"Bi Mkubwa, nani atakula humo?"

"Wajukuu zako. Wanalijua kombe wale? Wanajua nini? Wataliona chafu wataliosha."

Alisema kweli. Wajukuu zangu wanajua Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili chao ni cha kuombea pesa ya aiskrimu.

Basi ndivyo makumbusho yalivyoingia katika habari hii. Mji wetu una mtaa wa zamani, majumba ya mawe na udongo yenye milango ya nakshi, mengi yakiwa yameanguka mapaa. Jumba moja lilikarabatiwa likafanywa makumbusho madogo ya historia ya hapa. Aliyepewa kazi ya kuyapanga alikuwa msichana mmoja aliyesomea mambo ya kale, mzaliwa wa hapa hapa, ila bibi yake marehemu alitoka Pemba na ndiye aliyemlea. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na aliyajua makaburi ya mawe ya watu wa kale yaliyoko vilimani kwetu kama mimi ninavyojua jiko langu. Alikuwa na vyombo vya jiwe laini vilivyotoka humo, vimechorwa viduara vyenye kitone katikati, na shanga za akiki nyekundu ambazo maelfu ya miaka hayakuzififisha.

Lakini kilichomkera ni vigae. Walipokuwa wakisafisha majumba yaliyoanguka waliokota vipande vingi vya sahani za kaure, nyeupe zenye ukingo wa buluu, za zama za mababu zetu waliokuwa wakienda na kurudi Unguja. Vipande tu, hakuna sahani iliyosalimika. "Mtu akiona kipande haelewi, khalti," aliniambia tulipokutana soko la wanawake siku ya Jumatano. Khalti ni mama mdogo kwa Kiarabu, na ndivyo anavyoniita mimi ingawa hatuna udugu. "Mimi nataka moja nzima tu. Niweke karibu ya vipande, watu wajue vile ilikuwa."

Nilikwenda nyumbani nikamweleza Bi Mkubwa kama hadithi tu, huku nikimenya vitunguu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama makumbusho yana kufuli, na kama vitu vinawekwa ndani ya vioo, na kama ni kweli kuwa hakuna ruhusa mtu kuvigusa. Nikamwambia ni kweli yote. Akasema, "Mwambie aje."

Alikuja asubuhi na boksi lililojaa pamba. Alimbusu Bi Mkubwa mkono na kichwa, akasema shikamoo kwa sauti ya kike kike aliyofundishwa na bibi yake, na Bi Mkubwa akafurahi hata akamwitikia marahaba mara mbili. Nilileta kahawa na tende. Bi Mkubwa akasema hili ndilo kombe, na sahani ikatolewa kwenye kanga. Kwanza kabisa msichana aliigeuza chini juu, akatazama alama ya kiwandani iliyoko kitakoni, na macho yakamtoka.

"Wallahi ni yenyewe! Hii kombe ya zamani sana, bibi?"

"Zamani, mwanangu. Imetoka Unguja na sisi. Na halijanywewa."

"Haijanywewa? Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Tangu Unguja halijaguswa na maji."

"Mashaallah," msichana alisema, na akaitazama kwa huruma.

"Mtaliweka vizuri?"

"Kama roho yangu, bibi. Mimi mwenyewe nitashika, si mtu mwingine."

"Nataka watu wamwone baba yangu."

"Wataona, inshaallah. Itaonekana safi kabisa."

Nimenukuu maneno yao jinsi nilivyoyasikia, kwa sababu nimeyarudia kichwani hata nimeyahifadhi. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, birika la kahawa mkononi, na kila neno nililifahamu. Sikuona tatizo lolote. Wote watatu tulikuwa tukizungumza Kiswahili, tena kwa furaha, na hilo ndilo lililotulaghai. Bi Mkubwa aliposema kombe halijanywewa, alikuwa anasema dawa ya baba yake bado imo. Msichana alisikia kombe, kikombe, chombo cha kunywea ambacho hakuna aliyekinywea. Na Bi Mkubwa aliposema halijaguswa na maji, msichana wa watu alisikia kuwa sahani ile haijaoshwa tangu itoke Unguja. Angekuwa mgeni asiyejua lugha yetu tungemweleza neno kwa neno hadi achoke. Huyu tulimwona ni wetu, hatukumweleza kitu.

Baada ya wiki kadhaa tulialikwa. Hayakuwa mapokezi makubwa, ni watu wa mtaani na wale waliotoa vitu vyao, kabla milango haijafunguliwa kwa wote. Bi Mkubwa alijiandaa tangu alfajiri. Alivaa buibui jipya, akajifukiza udi, akanitaka nimsomee gazeti asisinzie kabla ya saa ya kuondoka. Garini aliniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, kwamba tangu aondoke kwao hajawahi kusikia mtu asiye wa nyumbani akilitaja jina la baba yake. "Leo watalisoma wengi," akasema. Kwenye maelezo ya ukutani, alikuwa amemwomba msichana aandike jina la mzee, na msichana alikubali, akidhani ni jina la mwenye sahani.

Ndani mlikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya chokaa mbichi. Msichana alimshika Bi Mkubwa mkono, mimi nikawa nyuma nimebeba mkoba. Alitupitisha kabati moja moja, akieleza kwa Kiarabu kwa ajili ya wageni wengine na kwa Kiswahili chake kwa ajili yetu. Alipofika kwenye chombo kimoja cha jiwe kutoka kaburini alisimama kwa fahari. Alisema ndani ya chombo kile hawakuosha, walikiacha na uchafu wake wote, kwa sababu katika uchafu ule wataalamu wanaweza kujua watu wa kale walikula nini au walitia dawa gani. Mtu mmoja akiosha, alisema, khalas, miaka elfu nne imekwenda na maji. Nilitikisa kichwa kwa kukubali, kama mwalimu anayemsikia mwanafunzi wake akijibu vizuri.

Kisha tukafika kwenye kaure. Vigae vilikuwa vimepangwa juu ya kitambaa cheusi, na katikati, imesimamishwa juu ya egemeo lake, ilikuwa sahani yetu. Taa ilikuwa imeelekezwa juu yake. Ilikuwa nyeupe, nyeupe tupu, na ukingo wake wa buluu ulikuwa uking'aa.

Bi Mkubwa hakuelewa. Aliegemea kioo, akainamisha kichwa kushoto, halafu kulia, jinsi alivyokuwa akifanya dirishani.

"Taa imekaa vibaya," alisema. "Wasogeze taa."

Msichana akaisogeza taa. Bi Mkubwa akainama tena. Mimi nilikuwa nimeshajua.

"Mwandiko uko wapi?" aliuliza.

"Uko chini, bibi. Alama ya kiwanda. Watu hawawezi kuona lakini nimeandika kwenye maelezo."

"Mwandiko wa baba yangu."

Msichana alinitazama mimi. Nikamwuliza kama aliosha ile sahani. Akasema ndiyo, aliosha yeye mwenyewe, hakumpa mtu, kwa mikono yake, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Mlikuwa na rangi ya njano ndani, akasema, alidhani ni biriani ya zamani, maana sahani zote za bibi yake zilikuwa na rangi ile ile. Na bibi yake alimfundisha kuwa chombo cha watu hukiachi kichafu. Ukipewa chombo, unakiosha. Alipofika hapo sauti yake ilianza kupungua, maana alikuwa akiniangalia usoni.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimkaripia mbele za watu, kwa Kiarabu ili nao wasikie. Nilimwambia chungu cha makafiri wa kale anakihifadhi na ukoko wake, kombe la babu yangu analitia sabuni. Nilimuuliza kama huko chuoni alisomea kuosha vyombo. Yakanitoka mengine ambayo siyaandiki. Bi Mkubwa alinishika kiwiko, akanifinya kama alivyokuwa akinifinya nikiwa mtoto.

"Usimkemee mtoto wa watu," alisema. "Kafundishwa adabu."

Msichana alikuwa ameshaanza kulia. Ghafla akakumbuka picha. Kila kitu kinachoingia pale hupigwa picha kwanza, akasema, kabla ya jambo lolote kufanywa, ndio utaratibu wao. Akakimbia ofisini, sisi tukamfuata. Sijui nielezee vipi zile dakika alizokuwa akitafuta kwenye kompyuta. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa nguvu ambayo sikuwahi kuomba hata nilipokuwa nikijifungua wanangu. Bi Mkubwa aliketi kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya fimbo, akitabasamu kidogo.

Picha zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa ya kitako cha sahani na ile alama. Ya pili pia, kwa karibu zaidi. Ya tatu ilikuwa ya ubavuni, sahani na rula, kuonyesha kina chake. Ya nne ilikuwa ya upande wa juu, nyeupe, safi, imeshaoshwa. Katika kazi yao alama ya chini ndiyo yenye maana, ndiyo inayosema chombo kimetoka wapi na lini. Hakuna aliyefikiri kupiga picha ya sahani chafu.

"Maji uliyamwaga wapi?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Kwenye sinki, bibi."

Maji ya kombe hayamwagwi ovyo, hata yanayobaki humwagwa chini ya mti, mahali pasipokanyagwa. Bi Mkubwa alifunga macho. Nilidhani atalia, au atasema neno litakalombakia yule msichana maisha yake yote. Alipofungua macho alisema tu, "Umeiosha vizuri. Inang'aa." Kisha akaniambia twende, amechoka.

Msichana alitaka kuturudishia sahani siku ile ile. Alikuja nayo nyumbani ndani ya boksi lake la pamba, macho yamevimba, na Bi Mkubwa akamrudisha nayo. "Ulitaka sahani nzima ya kuweka pamoja na vigae vyako," alimwambia. "Hiyo sasa ni sahani." Msichana akauliza kama aandike kwenye maelezo kuwa ndani yake mlikuwa na kombe lililoandikwa na fulani. Bi Mkubwa akakataa. Alisema watu wataitazama wasione kitu, na watasema Waswahili wamezoea kuongopa. Jina la mzee likafutwa ukutani kwa ombi la binti yake mwenyewe.

Nyumbani walikuja watu kutupa pole kana kwamba tumefiwa. Kila aliyeingia alisema maji yakimwagika hayazoleki. Methali ile nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuichukia kabla ya wiki ile. Mwishowe nilimwambia jirani yangu mmoja kuwa nimeshasikia, na kama ana methali nyingine ailete, kama hana anywe kahawa yake. Bi Mkubwa alicheka. Alikuwa akicheka kila nikiwa mkali. Lakini usiku huo na siku zilizofuata sanduku lilibaki wazi, na alipokuwa akikaa dirishani mchana, mikono yake haikuwa na pa kukaa.

Najuta mengi. Najuta kuwa nilipiga picha za harusi, za mitihani, za keki za wajukuu, na simu yangu imejaa paka wa jirani, lakini lile kombe halikuwahi kunijia akilini kuwa linapigika picha. Lilikuwa kitu cha kutazamwa kwa mwanga wa dirisha. Najuta kuwa sikukaa naye hata siku moja tukaziandika zile aya alizokuwa akizisoma, nikajua mzee alichagua zipi kwa ajili ya kuzaliwa kwangu. Najuta pia kuwa nilimdhalilisha yule msichana, ingawa baadaye tulipatana, na sasa huja kwetu Ijumaa.

Bi Mkubwa aliugua kifua majira ya baridi. Daktari alimpa dawa, nami nilihakikisha anameza kila kidonge, maana nilikuwa namwamini daktari kuliko kitu kingine. Alikuwa hapati nafuu. Asubuhi moja aliniambia, "Niandikie kombe."

Nilimwambia nitamtafuta shekhe mmoja wa mji wa Nizwa, watu wanamsifu. Akasema hataki shekhe. "Niandikie wewe."

"Bi Mkubwa, mimi sijui."

"Unajua kuandika. Nitakwambia."

Nilikwenda kutafuta zafarani nzuri na marashi ya mlima wa Jabali Akhdhari, yale yenye harufu ya moshi moshi anayoyapenda. Nilichonga kalamu ya tete jinsi alivyonielekeza. Nilitoa sahani mpya kwenye kabati, nikaketi kando ya kitanda chake, yeye akanisomea aya kwa sauti ya chini, akipumzika kila baada ya maneno machache, na mimi nikaandika. Nimeandika ubaoni miaka mingi, mwandiko wangu ni wa ubaoni, mkubwa na ulionyooka, wa kusomeka na mtoto wa nyuma ya darasa. Zafarani ilichuruzika mahali pawili. Nilipomaliza nilimuuliza kama hizo ndizo aya za lile kombe la babu. Akasema ndizo hizo hizo, zote, hakuacha hata moja.

Alinitaka nimpe alishike. Nilimwegemeza kwenye mito, akaligeuzia dirishani, akaliinamisha. Alilitazama kwa muda mrefu sana. Nilijua alikuwa akimtafuta nani, na nilijua hayumo. Alif zangu zote zilikuwa zimesimama wima.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye, Bi Mkubwa."

Akanirudishia. Nililipokea kwa mikono miwili, marashi yako tayari karibu yangu, na nikawa nimekaa tu. Wino ulikuwa umekauka, umetulia. Nilikuwa nikifikiri kuwa aya hizi zimetoka kinywani mwake, na sauti yake iko humu, na hatanisomea tena. Nilikuwa nikitazama kama kuna kitu safi cha kulifunikia.

"Unangoja nini?" aliniuliza.

Nilinyoosha mkono kwenye kanga iliyokuwa kitandani.

"Mwaga marashi, mwanangu. Hili nalinywa."

Nikayamwaga. Herufi zikaachia moja moja, maji yakawa ya njano, na nikamshikilia kichwa akanywa mpaka mwisho.